Mnyama Mdogo wa Kisangaluka

Nchi hii usihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana ramani zake zinachapwa na ofisi ile ile inayotoa taarifa za mavuno, na zote mbili zimepakwa kijani kutoka mpaka hadi mpaka. Ni nchi nzuri. Ina wimbo wa taifa wenye beti tisa, ina mawaziri wengi kuliko mito, na njaa haina. Njaa ilifutwa miaka sita iliyopita kwa azimio la Bunge, saa tano asubuhi, waheshimiwa wakapiga meza kisha wakaenda kula. Tangu siku hiyo kompyuta zote za serikali zilirekebishwa: ukiandika neno njaa, lenyewe linageuka kuwa "hamu ya kula". Mganga wa wilaya akijaza cheti cha kifo, basi marehemu amefariki kwa hamu ya kula iliyokithiri, na jalada linafungwa.

Hata hivyo palibaki tatizo dogo la hesabu. Kila mwaka wakuu wa wilaya waliripoti mavuno ya kupindukia, na kila mwaka maghala yalifunguliwa yakakutwa na vumbi. Kwa kuwa mkuu wa wilaya hasemi uongo, na gunia halina miguu, ilibidi atafutwe wa kulaumiwa. Akapatikana panya. Ndipo ikaundwa Idara ya Wanyama Wadogo wa Mashambani, yenye mkurugenzi, manaibu wanne, dereva wa gari lisilo na tairi, na mtakwimu mmoja, Bi Nyamizi, ambaye ndiye aliyekuwa akifanya kazi.

Bi Nyamizi alikuwa na miaka hamsini na miwili, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza akihesabu panya, tangu kabla Idara haijaundwa. Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Panya hakai popote tu. Yupo anayependa kingo za shamba zenye nyasi ndefu, yupo anayependa shamba lililoachwa likaota magugu, na kirukanjia yeye anataka unyevunyevu na majani makavu ya kujificha. Unatega mitego kila mahali, asubuhi unaangalia nani ameingia wapi, halafu unalinganisha pale alipokwenda na pale alipoweza kwenda asiende. Modeli ya kompyuta inakwambia anachokipenda ni kivuli, au maji, au mahindi. Bi Nyamizi aliipenda kazi hiyo kwa sababu moja: panya hawaandiki taarifa. Wanakwenda wanakotaka, na wewe unaona.

Lakini alikuwa amechoka. Kila alichokiandika kilirudi kutoka juu kikiwa kimesahihishwa, na safari mbili alisoma ripoti yenye jina lake akakuta panya wa nchi nzima wameongezeka mara kumi na mbili, bila shaka ili watoshe kumaliza mavuno yaliyotangazwa.

*

Mwezi wa tatu alitumwa Kisangaluka, kijiji cha wakulima upande wa magharibi, akiwa na mitego mia mbili ya bati yenye milango ya kujifunga. Alipokewa na mwenyekiti wa kijiji, Magohe, mtu mrefu aliyevaa shati la chama na mkanda uliotobolewa matundu mapya kwa msumari.

"Karibu mtaalamu," alisema Magohe. "Huku kwetu ni shibe tu. Tumeshiba mpaka tunaona aibu."

"Na panya, Mwenyekiti?"

"Panya wamehama."

"Wamehamia wapi?"

"Hawakuaga."

Bi Nyamizi aliyatazama mashamba. Mahindi yalisimama hadi magotini, makavu, hayana hata mbelewele. Hakuuliza zaidi, maana jibu lingekuwa lile lile na lingemchosha mwenyekiti, ambaye alishaonekana kuchoka vya kutosha. Alitega mitego hamsini katika mahindi, hamsini kwenye kingo, hamsini kwenye mashamba yaliyoachwa na hamsini nyuma ya nyumba za watu. Katika kila mtego akatia chambo: unga wa mahindi uliokaangwa, karanga za kusagwa na dagaa wawili.

Asubuhi hakukuta mnyama hata mmoja. Chambo, hata hivyo, kilikuwa kimetoweka katika mitego mia moja sitini na mitatu. Nyuma ya nyumba kilitoweka chote. Milango ya mitego ilikuwa imerudishiwa vizuri, na mingine ilikuwa imepanguswa ndani kama sufuria. Katika miaka yake kumi na tisa Bi Nyamizi hajapata kuona panya anayerudishia mlango.

Mbele ya nyumba ya mwisho alimkuta Bibi Kalunde, bibi kizee aliyekuwa akiishi na wajukuu wanne, amekaa kwenye kigoda anasugua mtego kwa majivu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Huu wa kwako ulikuwa na kutu, nikasema nikusaidie."

"Ahsante bibi. Na chambo?"

"Kilikuwa kizuri. Ila dagaa wamezidi chumvi." Bibi Kalunde akaugeuza mtego, akaendelea kusugua. "Kwani kuna tatizo?"

"Hakuna, bibi."

Aliona haya. Aliona haya kwa sababu ya chumvi, maana dagaa wale alikuwa amewachagua mwenyewe sokoni kwa kuwa ni wa bei ya chini. Jioni ile alitia chambo mara mbili ya kipimo, na katika daftari akaandika: kuboresha unasaji. Siku ya tatu akatia chote alichobakiwa nacho. Asubuhi yake mitego ilikuwa mitupu yote mia mbili, mpaka ile ya mbali kabisa, na katika mmoja kulikuwa na kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli: Mungu akubariki, punguza chumvi.

*

Ofisini lilimngoja tatizo la fomu. Fomu Namba Saba hairuhusu chambo kiondoke bila mwondoaji. Kuna kisanduku cha mnyama, na usipokijaza kompyuta haisogei. Alijaribu kuandika "watu wenye njaa". Mashine ikageuza: watu wenye hamu ya kula. Kisha ikakataa, ikieleza kwa maandishi mekundu kwamba watu si wanyama wadogo. Yalibaki machaguo manne: panya, panya buku, kirukanjia, mengineyo. Saa ilikuwa imefika tisa na nusu, umeme ulikuwa unakatikakatika, na Bi Nyamizi alitaka kwenda nyumbani. Akabonyeza mengineyo, mara mia tano thelathini na moja.

Kesho yake aliita modeli ifanye kazi yake, nayo ikaifanya kwa uaminifu. Mnyama Mengineyo, ilisema, hajali kivuli, hajali nyasi wala kichaka, vitu ambavyo kila mnyama mdogo anavihitaji ili asionekane. Anachopenda ni mlango. Kila ukiondoka hatua mia kutoka kwenye meko ya mtu, uwezekano wa kumpata unapungua kwa nusu. Na kadiri shamba linavyokauka, ndivyo anavyozidi.

Mkurugenzi, Dokta Lufunyo, aliisoma ripoti akiwa amesimama. Alikuwa mtu wa haki kiasi, aliyewahi kuwa mwanasayansi zamani.

"Anarudishia mlango?"

"Anarudishia."

"Na kuosha mtego?"

"Baadhi yao."

"Na hiki kikaratasi?"

Bi Nyamizi akamsogezea kiti. Mkurugenzi akaketi.

"Tumegundua mnyama," alisema.

"Mkurugenzi, huenda si mnyama."

"Kama si mnyama, ni nini?"

Walitazamana. Bi Nyamizi aliona wazi kwamba anajua. Alimwona akijua, kisha akamwona akivua miwani na kuifuta kwa ncha ya tai, polepole, muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji.

"Fomu inasema mnyama," alisema Dokta Lufunyo. "Na mimi na wewe bado tuna watoto shuleni."

*

Habari ilipofika kwa Waziri haikukaa hata siku mbili. Mheshimiwa Profesa Kipingu Mwandamo aliitisha kikao cha dharura katika ukumbi wenye zulia, akaingia na wapiga picha watatu.

"Ndugu zangu," alisema, "kwa miaka sita tumekuwa tukimsingizia panya. Panya, mnyama mnyonge, asiye na elimu. Kumbe adui wa mavuno yetu ni mwingine. Mjanja. Mwenye mikono. Anakula, anafunga mlango, anaondoka, anatuacha sisi tukilaumiana. Leo tumemtambua, na nasema hapa, mbele ya vyombo vya habari, kwamba hatutamvumilia."

Watu wakapiga makofi. Waziri akanywa maji, akafunua ukurasa wa pili. Serikali, alisema, itapeleka Kisangaluka mitego elfu mbili ndani ya siku kumi. Chambo kitakuwa kile kile anachokipenda. Ndani yake itatiwa sumu ya kisasa isiyo na harufu wala ladha, ili mnyama asisumbuke, maana nchi yetu inaheshimu viumbe.

Bi Nyamizi alikuwa amekaa safu ya nyuma pamoja na madereva. Alimwona Bibi Kalunde kwenye kigoda chake, na wajukuu wanne, na ule mtego uliosuguliwa ukang'aa. Alimtazama Mkurugenzi, Mkurugenzi akatazama zulia. Hakuna aliyekuwa na nia ya kusimama, kwa hiyo akasimama yeye.

"Mheshimiwa, naomba kuuliza. Nchi jirani wanaye huyu mnyama?"

Waziri alikunja uso. Nchi jirani walikuwa wamempata tembo mwenye pembe nne mwaka juzi, na watalii walikuwa wakipita juu ya nchi yetu kwa ndege bila hata kuchungulia.

"Wanaye?" aliuliza.

"Hawajawahi kumwandika popote, Mheshimiwa," alisema Bi Nyamizi, na hapo hakusema uongo. "Katika vitabu vyote vya wanyama hayumo. Tukimuua, itabidi tuueleze ulimwengu kwamba tulikuwa naye peke yetu tukammaliza kwa siku kumi."

Waziri aliupindua ukurasa wa pili, akaangalia nyuma yake kama kuna kingine kilichoandikwa.

"Anajua kuandika, sivyo?"

"Aliacha kikaratasi, Mheshimiwa."

"Basi mnaona," alisema Waziri, akiwageukia wapiga picha, na sauti yake ikaanza kupanda tena. "Kampeni yetu ya kufuta ujinga imefika mpaka kwa wanyama. Nchi gani nyingine inaweza kusema hivyo?"

Sumu ikafutwa pale pale. Mnyama akatangazwa Mnyama Mdogo wa Taifa, na Idara ikaagizwa imtunze kwa gharama yoyote. Bi Nyamizi akaambiwa apendekeze lishe.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alighushi takwimu, akashangaa kuona ni kazi nyepesi namna hii. Modeli ilionyesha kwamba mnyama anapenda maharage. Ilionyesha kwamba anahitaji mafuta ya kupikia, na kwamba dagaa wa chumvi nyingi hawampendezi. Wiki ya tatu ilionyesha sukari. Lori la Idara, lililopatiwa tairi, likawa linashusha magunia Kisangaluka kila Jumatatu, na wafanyakazi wakigawa chambo katika mitego elfu mbili iliyopangwa nyuma ya nyumba, kila nyumba kwa idadi ya vichwa. Watu walisubiri kwa adabu mpaka lori liondoke.

Mwezi wa sita alipokwenda kukagua, mwenyekiti Magohe alikuwa amerudi kwenye tundu la zamani la mkanda wake. Wajukuu wa Bibi Kalunde walikuwa wanapigana, jambo ambalo hawakuwa na nguvu nalo mwezi wa tatu. Bi Nyamizi aliingia nyuma ya choo cha ofisi ya kijiji akalia, kwa furaha, akajifuta, akatoka na daftari.

*

Serikali yetu ikipenda kitu hukipenda mpaka mwisho. Ujumbe wa wataalamu kumi na mmoja ulitumwa kuchunguza usalama wa Mnyama Mdogo wa Taifa. Ulikaa siku moja, ukala mbuzi wawili walioletwa kutoka mjini, ukaandika kurasa tisini. Ugunduzi wake mkubwa ulikuwa huu: makazi yote ya mnyama yamevamiwa na wananchi. Kila alipo mnyama, wapo watu. Hakuna hata mtego mmoja ambao haukuwa karibu na nyumba ya mtu. Hali hii, uliandika ujumbe, haivumiliki.

Ikatungwa Sheria ya Kumlinda. Binadamu wote waondoke Kisangaluka ndani ya siku kumi na nne, wahamie Uwanda wa Ufanisi. Kila mtu aliujua Uwanda wa Ufanisi. Kijiji kimoja kilihamishiwa huko kupisha bwawa. Mwezi wa kwanza waliandika barua kuomba maji. Mwezi wa pili waliandika barua fupi. Baada ya hapo hawakuandika.

Bi Nyamizi aliingia kwa Mkurugenzi bila kubisha hodi.

"Wakiondoka watu, mnyama ataondoka."

"Modeli inasema hivyo?"

"Inasema hivyo tangu siku ya kwanza, na wewe unajua."

Dokta Lufunyo alifungua dirisha, akalifunga, akarudi mezani. Akatoa nakala ya sheria, akaifunua, akaigeuza upande wake Bi Nyamizi, na muda wote huo hakumtazama.

"Kifungu cha nne," alisema. "Kabla ya binadamu kuhamishwa, mnyama ahesabiwe, mmoja mmoja. Aliyehesabiwa haguswi na mtu yeyote, na chambo chake ni haki yake ya kisheria. Haisemi ahesabiweje. Nafikiri mtakwimu ndiye anayejua." Kisha akasema ana kikao, akachukua koti, akatoka nje ya ofisi yake mwenyewe.

*

Kisangaluka walimsikiliza wamekaa chini, mbele ya ofisi ya kijiji. Bi Nyamizi aliisoma sheria yote, kwa sababu hakujua aanzie wapi kuifupisha. Alipofika siku kumi na nne, baadhi ya wanawake walianza kuinuka wakaangalie vyombo vyao. Alipofika kifungu cha nne, Bibi Kalunde aliinua mkono.

"Samahani mwanangu. Hebu rudia hapo."

Akarudia.

"Kwa hiyo binadamu anaondoka."

"Ndiyo, bibi."

"Na mnyama anabaki, na analetewa maharage."

"Ndiyo."

Bibi Kalunde akafikiri kidogo. "Sasa huyo mnyama," aliuliza, "mtu anajiandikishaje?"

Hakuna aliyecheka. Bi Nyamizi alikuwa ametayarisha maneno ya kuwaelekeza taratibu, akaona hayahitajiki tena. Alivuta meza, akafungua rejesta. Watu wakapanga foleni. Aliandika jina, jinsia, umri, urefu, na makazi yanayopendelewa, na kila mmoja alipoulizwa makazi anayoyapendelea alinyoosha kidole akaonyesha nyumba yake. Kulikuwa na mnyama mwalimu wa shule. Kulikuwa na mnyama mwenye mimba, aliyetaka kujua kama aliye tumboni naye ahesabiwe, na Bi Nyamizi akamwandika. Mzee mmoja aliyepigana vita ya mpaka aliomba apewe muda, akaenda pembeni, akarudi akasema haya, niandike. Sauti yake ilikuwa ndogo. Bi Nyamizi aliona uchungu, akaandika bila kuinua macho.

Ilipotimia saa kumi walikuwa mia nne na kumi na mmoja. Akafunua ukurasa wa mwisho wa rejesta ili afunge, ndipo akauona mstari ambao hakuusoma tangu mwanzo. Akausoma mara mbili.

"Kuna nini, mtaalamu?" aliuliza Magohe. Yeye alikuwa amesimama pembeni muda wote akipanga foleni, kama mwenyekiti, akisubiri awe wa mwisho.

"Panahitajika shahidi," alisema Bi Nyamizi. "Atie saini kwamba hawa wote ni wanyama. Mimi siwezi, ni mtumishi. Lazima awe mkazi wa hapa, mwenye akili timamu." Akaweka kidole kwenye mstari. "Na awe binadamu. Bila hiyo rejesta haina nguvu."

Wote walielewa. Atakayetia saini atakuwa binadamu pekee wa Kisangaluka, na binadamu wanahama. Wanaume walitazama miguu yao. Mwalimu alisogea hatua moja, mkewe akamshika shati. Bibi Kalunde alisema yeye ni mzee, hana cha kupoteza, na wajukuu wake wanne wakamzunguka mpaka akakaa.

Bi Nyamizi hakumtaja mtu. Alitaka sana kumtaja mtu, ili jambo liishe aende nyumbani, na akajichukia kwa hilo.

"Lete kalamu," alisema Magohe.

"Mwenyekiti, fikiri kwanza. Kule unakujua."

"Nimeshafikiri. Kila msimu nilikuwa napeleka wilayani karatasi ya mavuno, nasema tumeshiba. Miaka kumi na mmoja. Ule ulikuwa uongo mkubwa kuliko huu, na haukunigharimu hata kikombe cha chai." Aliichukua kalamu, akainama mezani. "Huu angalau watu watakula."

Alitia saini kwa mkono mzuri, wa mtu aliyezoea, na chini yake, palipoandikwa aina ya kiumbe, akaandika binadamu. Kisha akavua shati la chama, akalikunja, akampa mwalimu amfulie. Akaingia nyumbani kwake, akatoka na jembe, mkeka na kibuyu cha maji. Mke wake, mnyama namba tisini na sita, alisimama mlangoni ameshika kizingiti kwa mikono miwili.

Magohe alipita katikati ya watu. Walimpisha, na wengine walimgusa bega. Alipofika mezani kwa Bi Nyamizi alisimama.

"Mtaalamu," alisema, "binadamu wanapita njia ipi?"

Bi Nyamizi akamwonyesha.